Gogo la Mgomba Lililovaa Gauni Langu

Bukuru,

Leo sikuamkii. Mtu anayenigawa kwa watu huku mwenyewe anaondoka zake hana haki ya kuamkiwa, hata kama tulilala tumbo moja. Nimekaa kwenye banda la darasa, wanafunzi wangu watu wazima wamekwenda kulima shamba la kijiji, chaki ingali vidoleni, na hasira niliyo nayo juu yako imenifika kooni. Ungekuwa hai ningekuja kwako kwa miguu nikakufokea mbele ya mumeo, ungenipa ugali, ningekula huku nimenuna, na yangekwisha. Sasa yatakwishaje? Ndiyo maana naandika.

Nianze na ulichosema. Shangazi alinieleza yote, tena kwa furaha, kana kwamba ananiletea zawadi. Alisema homa ilipokuzidi wakakulaza kwenye machela wakupeleke hospitali, na mlipofika mtoni ukawasimamisha wabebaji. Ukamshika mkono Shangazi ukamwambia: "Butoyi akae mahali pangu. Filipo asihangaike, Butoyi yupo." Baada ya hapo hukusema tena neno la kueleweka mpaka ukakata roho. Mimi nilikuwa Kasulu mjini kwenye mafunzo ya walimu wa elimu ya watu wazima, sina habari hata kwamba unaumwa. Neno lako la mwisho hapa duniani lilikuwa jina langu, na ulilitumia kuniozesha kwa mumeo.

Ulijua, Bukuru. Usijifanye hukujua. Ni wewe niliyekuambia, siku ile tunachambua maharage nyuma ya nyumba yako, kwamba sitaki kuolewa na mtu yeyote. Nilisema nataka chumba changu chenye mlango unaofungwa, na kazi yangu ya kufundisha, basi. Ulicheka ukasema, "Wewe nawe! Utakuwa mtu gani huyo?" Nikakujibu kwamba hilo ndilo ninalotaka kulijua. Ukaendelea kutoa mawe kwenye maharage, nami kwa ujinga wangu nikadhani umenielewa.

Sikumbuki siku ambayo nilikuwa mtu mmoja. Hata majina hawakuhangaika kututafutia. Pacha anayetangulia kuzaliwa ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi, awe wa kike au wa kiume, na nchi yetu ya Buha nzima imejaa akina Bukuru na akina Butoyi ambao hakuna aliyewatazama usoni kabla ya kuwaita. Jina langu la ubatizo alilitumia padri peke yake, tena siku ile ile ya ubatizo. Mama alitupimia mboga kwa kijiko kimoja, mimi kijiko, wewe kijiko. Kanga ikipatikana moja ilichanwa katikati. Njiani watu hawakuniuliza habari za nyumbani, waliniuliza, "Wewe ni yupi?" Nimeulizwa swali hilo kuliko swali jingine lolote maishani mwangu, na kila nilipojibu waliangalia nyuma yangu kuona kama unakuja.

Unazikumbuka karanga za mbegu? Ulizila peke yako darini, wote tukidhani ni panya. Mimi nilikuwa kisimani. Nilirudi na mtungi kichwani nikapokelewa kwa fimbo, hata mtungi sijautua. Baba alisema ukimchapa pacha mmoja ukamwacha mwenzake, aliyeachwa ataugua. Basi nikachapwa kwa ajili ya afya yangu. Wewe ulikuwa pembeni unalia kwa sauti kubwa, na mdomo unanuka karanga. Tukiwa wakubwa tulicheka sana kwa kisa hicho. Leo nimekikumbuka na sikucheka.

Halafu mtihani wa darasa la nne. Hili hatukulizungumza hata siku moja, kwa hiyo leo utalisikia. Wakati ule waliochaguliwa kwenda la tano walikuwa wachache, wasichana ndio kabisa, na jina langu lilikuwemo. Lako halikuwemo. Mwalimu alipanda mlima mpaka kwetu, shati limelowa jasho, akamkuta Baba anapunguza majani ya migomba. Alimwomba. Alimbembeleza kama anayeomba kitu chake mwenyewe. Baba hakushusha hata sauti. Alisema, "Pacha hawatenganishwi, mwalimu. Huyu akienda, yule atakauka. Utakuja kunifufulia wewe?" Mwalimu akateremka alivyopanda. Mimi nilijificha nyuma ya ghala nikalia mpaka nikatapika, nawe ukaja, ukanikumbatia ukasema, "Afadhali. Mimi ningebaki na nani?"

Afadhali. Nimelibeba neno hilo tangu utoto, Bukuru. Nililibeba shambani, kisimani, kanisani. Nilikuwa nakuangalia umelala, mkono wako juu yangu, nalisikia.

Lakini subiri, hilo bado ni dogo. Filipo alipotuma wazee kukuposa, sheria ikawa ile ile: pacha huolewa siku moja. Wakanitafutia mwanamume upande wa Manyovu, mzee aliyekwisha zika wake zake, ambaye hakuuliza hata mimi ni nani kati yetu. Aliuliza kama nina afya. Nikakataa. Nikakaa jikoni kando ya mafiga nikasema nitoeni hapa mkiwa mmenibeba. Ulilia kwa muda mrefu sana, ukaacha kula, ukaniambia ninakuharibia maisha. Mimi! Nakuharibia!

Na hapo ndipo Shangazi, ambaye ni mtunza mila zote za ukoo wetu, alipokumbuka kwamba kumbe ipo dawa. Alichukua kibuyu kimoja akakipasua katikati. Nusu akakupa wewe, nusu akanipa mimi. Wewe ukatoka kwa mlango wa mbele, mimi kwa uani, kila mmoja na njia yake bila kutazama nyuma, naye akapiga kigelegele: "Wametengana!" Basi, imekwisha. Jua halijafika utosini ukawa mchumba wa mtu, na hakuna aliyekauka. Nilisimama kwenye migomba na nusu ya kibuyu mkononi nikajiuliza dawa hiyo ilikuwa wapi siku mwalimu alipokuja. Vibuyu havikuwepo? Tulikuwa tunachotea maji kwa vibuyu, tunachezea vibuyu, vilikuwa vinatuangukia kichwani kule jikoni. Vilikuwepo. Ila mimi kwenda shule hakukustahili kuharibiwa kibuyu.

Nilikuchukia siku ile, na nilikuimbia nyimbo za harusi kwa sauti kuliko wote. Yote mawili yalikuwa ya kweli.

Kisha ikaja operesheni ya kuhamia vijijini. Tukashushwa mlimani na malori na mgambo, tukaacha migomba ya mababu na makaburi yao, tukapangwa kando ya barabara ya Kibondo, nyumba mstari mmoja, milango inatazama upande mmoja. Wazee walilia. Mimi moyoni nilishangilia, na sikumwambia mtu. Niliwaza kwamba kule chini tutachanganyika na watu wasiojua nani alizaliwa na nani. Mkutano wa kwanza Mwenyekiti wa kijiji akasimama juu ya benchi akasema, "Hapa hakuna mimi, hapa kuna sisi!" Watu wakapiga makofi. Nikatamani kumwuliza kama ana habari yoyote mpya kwangu, maana mimi nimekuwa sisi tangu tumboni.

Ila nikitaka kusema kweli, kijiji kile kile ndicho kilichonipa chaki. Walihitaji mtu wa kufundisha watu wazima kusoma, na la nne langu lilitosha. Siku ya kwanza mama mmoja mtu mzima aliniita "Mwalimu," akangoja nimjibu, hakutazama nyuma yangu. Nilirudi nyumbani natembea tofauti. Ulinicheka, ukasema nimejaa maringo. Ndiyo, nilikuwa nimejaa.

Sasa nikueleze maziko yako, maana hukuyaona.

Nilifika umekwisha lazwa kwenye mkeka. Shangazi alinidaka mlangoni kabla sijakufikia. "Pacha haliliwi na mwenzake. Ukimlilia atakuita." Akanijaza maji mdomoni, akaniamuru nisiyameze wala kuyatema mpaka udongo umalizike. Nikasimama pale mashavu yamevimba, dada yangu amekufa, na watu wote wanaangalia mashavu yangu badala ya kukuangalia wewe. Padri alisali, nikashindwa kuitikia amina.

Kisha wakanipima. Kwa kamba ya mgomba, utosini mpaka kisiginoni. Wakaenda kukata gogo la mgomba la urefu ule ule. Wakafungua mzigo wangu niliokuja nao kutoka Kasulu, wakatoa gauni la buluu. Bukuru, lile gauni nililishona mwenyewe kwa ajili ya siku ya kumaliza mafunzo. Lilikuwa vazi la kwanza katika maisha yangu ambalo wewe hukuwa na la kufanana nalo. Wakalivika gogo, wakalifunga kiunoni kwa kitambaa, na Shangazi akaliinamia akaliambia kwa sauti ya watu wote kusikia: "Butoyi, nenda na mwenzio. Usirudi." Wakalilaza ubavuni mwako, upande wa kushoto, upande wangu wa kulalia. Nikaona udongo unaingia kwenye kola niliyoihangaikia. Walipomaliza niliambiwa niteme yale maji miguuni pa kaburi, niondoke bila kugeuka. Sikuyatema. Niliyameza.

Matanga yalipokwisha wakaja kunichukua. Walikaa nje kwa Baba: mjomba wake Filipo, Filipo mwenyewe, Shangazi, na Mwenyekiti, ambaye sijui alialikwa na nani. Filipo, nimpe haki yake, alikuwa anaangalia viatu vyake muda wote. Mjomba wake ndiye aliyesema. "Tumemfuata Butoyi. Marehemu mwenyewe alishamaliza maneno, sisi ni kutekeleza tu." Baba akasema, "Sina neno." Hana neno! Mtu aliyekuwa na maneno yote siku ya mwalimu. Shangazi akasema watoto watamjua mama yao kwa sura, hakuna kitakachobadilika nyumbani, hata vyungu havitahamishwa. Na Mwenyekiti akasafisha koo: "Mwalimu, kijiji cha ujamaa mtu hajiishii peke yake. Watoto wa marehemu ni watoto wetu. Wewe ni mfano kwa wengine. Ukikataa, na hilo darasa itabidi tulitazame upya."

Uliona? Mila na chama vilikaa benchi moja, vikanitazama kwa jicho moja.

Kisha wakafanya walichopanga kukifanya tangu walipotoka nyumbani. Wakamleta binti yako Yustina wakamkalisha mapajani kwangu. Kitoto kile kikanishika uso kwa mikono miwili, kikanichunguza, kikasema, "Mama, ulienda wapi?"

Nilikaribia kukubali. Nakuapia. Mikono yake ilikuwa inanuka uji na moshi wa jiko lako, na kama angeniuliza mara ya pili, sasa hivi ningekuwa nawasha moto kwako. Lakini nikamwangalia machoni nikaona ananitazama kama wote walivyonitazama siku zote. Anakutafuta wewe. Nikiingia nyumba ile nitakaa miaka yangu yote namjibu mtoto kwamba nilienda mahali nikarudi. Nikamteremsha taratibu, nikamwambia, "Mama yako hayupo, mwanangu." Kisha nikasimama.

Nikasema: "Butoyi mnayemfuata mlimzika. Mlimpima, mkamvika gauni, mkamwambia asirudi. Shangazi, ni wewe uliyemtamkia. Sasa mnamtaka wapi?"

 Natamani ungekiona kinywa cha Shangazi, kilifunguka kikabaki hivyo. Maana angesema lile lilikuwa gogo tu, basi hatukutenganishwa, na wewe uko huko peke yako na siku yoyote utakuja kunifuata, na nani atamwingiza nyumbani mwanamke anayeitwa na wafu? Na angesema yule alikuwa Butoyi kweli, basi hakuna wa kuozwa. Walilijenga zizi wenyewe, wakajikuta wamo ndani. Mjomba wa Filipo ndiye aliyeelewa kwanza. Aliokota fimbo yake akasema, "Tugende, twende zetu. Sisi hatuoi maiti." Na Mwenyekiti wetu, ambaye kila mkutano anatuhubiria kwamba mambo hayo ni ushirikina unaorudisha nyuma maendeleo, alijifuta shingo kwa leso, akakumbuka ana kikao kingine.

Basi nimeshinda. Utaniuliza nimeshinda nini, maana nakujua. Nitakuambia. Baba haniiti tena kwa jina lolote. Mama ananiwekea chakula kizingitini, anagonga sufuria kwa mwiko ili nijue, hasemi karibu. Kisimani wanawake wanasimamisha maongezi mpaka nitoke. Wanaume wa darasani wameacha kuja wote, wamebaki wanawake, tena wamejaa. Darasa halijatazamwa upya, maana nadhani Mwenyekiti anaogopa kumfukuza kazi mtu aliyekwisha zikwa. Sitembei tena na mtu. Wakati mwingine nikipita kwenye migomba nahisi wewe uko nyuma yangu, nageuka, hakuna mtu, na sijui kama ninachokisikia moyoni ni raha au ni kiu. Uhuru una baridi, Bukuru. Hilo hakuna aliyeniambia.

Lakini nimehamia kwenye chumba kilicho nyuma ya darasa, kile walichokuwa wanaweka majembe. Nimekipaka udongo mweupe. Kina mlango, na mlango nimeutia komeo. Usiku wa kwanza nililifunga, nikalifungua, nikalifunga tena.

Filipo ameposa upande wa Makere. Wanasema ni msichana mpole. Asipowapenda watoto wako nitamfuata hadi jikoni kwake, na kwa kuwa mimi ni mfu atanisikiliza.

Sijakusamehe. Nilitaka kuandika kwamba nimekusamehe, kalamu imekataa. Ulikuwa unakufa, uliogopa, ukashika kitu kilichokuwa karibu yako siku zote, na kitu hicho kilikuwa mimi. Naelewa. Kuelewa si kusamehe. Labda miaka ikipita.

Ahadi ninakupa moja. Yustina nitamfundisha kusoma mimi, na uso huu huu. Akiuliza tena nitamwambia mama yake alikuwa Bukuru, alikuwa mwizi wa karanga, aliimba vizuri kuliko kijiji kizima, amekufa. Mimi ni mtu mwingine. Na siku jina lake likitoka kwamba anakwenda mbele, ataenda, hata kama watoto wote wa Buha wamebaki na wanalia. Atakayekuja na kibuyu au bila kibuyu kumzuia atanikuta mlangoni.

Sasa kwaheri. Mtunze huyo mwenzio humo ndani. Gauni lisafishe udongo kwenye kola. Alikuwa mtiifu, Butoyi, alikubali mengi, na mlizoea kulala mmekumbatiana, basi laleni.

Na nimegundua jambo leo nikiandika, ambalo Shangazi hakuliwaza. Mwiko unasema pacha haliliwi na pacha mwenzake. Pacha wako yuko chini huko na wewe. Mimi niliyebaki huku juu ni mwanamke tu aliyefiwa na dada yake, na mwanamke wa namna hiyo hakuna mila inayomzuia.

Kwa hiyo naweka kalamu chini, naingia chumbani kwangu, nafunga komeo, nakulilia.

Anastazia